Lugha Gani ya Kompyuta? Tulivyochagua, na Tulivyochanganya



Leo hatuna singo wala mtindo mpya wa piko. Tuna swali ambalo wasichana wanaosoma sayansi hutuuliza kila tukikutana nao, harusini, hitimani, hata kwenye boti ya kwenda Pemba: "Dada, nijifunze lugha gani ya kompyuta?" Huuliza kama mtu anayechagua mchumba, kwamba ukishamkubali mmoja wengine wote umewafungia mlango. Jibu letu huwaudhi kidogo, maana na sisi tunauliza: unataka kukokotoa nini?

Kwanza mtujue. Sisi ni watatu, tumekaa mkeka mmoja tangu madrasa. Mmoja wetu ni mtu wa takwimu, kazi yake ni madodoso ya kaya. Wa pili anafundisha hesabu sekondari. Wa tatu tutamwita Bibi Harusi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa wakati wa mambo tunayoyasimulia. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili kuhusu joto la maji yaliyo ndani ya mwamba, pwani ya mashariki ya Unguja, kule kina mama wanakolima mwani.

Hatuoni kwa nini msichana wa kwetu aogope lugha nyingi. Tunasoma Qur'ani kwa Kiarabu, tunataniana kwa Kiswahili, tunajaza fomu za chuo kikuu kwa Kiingereza, yote hayo kabla ya Adhuhuri. Hakuna aliyewahi kutuambia tuchague moja tuziache nyingine. Kila lugha ina kazi yake na mahali pake. Za kompyuta ni hivyo hivyo, na anayekwambia kuna moja inayotosha kila kitu, ama anaiuza ama hajafanya hesabu nzito. (Tunajua mnasubiri tumtaje al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithi. Haya, tumeshamtaja.)

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa kisiwani analijua: maji kujaa na maji kupwa. Mwenye kutabiri maji kwa hesabu huyachukulia kama jumla ya mawimbi mengi, kila moja na mwendo wake. Kubwa kuliko yote kwetu linatokana na mwezi, wataalamu huliita M2, nalo hurudi kila baada ya saa 12.42. Linalofuata, S2, linatokana na jua na hurudi kila baada ya saa 12 kamili. Mawili haya yakienda pamoja tunapata bamvua. Yakipingana tunapata maji mafu. Na kwa kuwa S2 imefungwa na jua, bamvua ina saa zake: kwetu maji ya bamvua hutoka kiasi cha saa nne za asubuhi, na saa nne za usiku tena. Bibi zetu walilijua hili bila ya kompyuta. Lakini ukitaka kujua kina cha maji tarehe fulani, saa fulani, kwa sentimita, lazima uchukue vipimo vya miaka na uvichambue mpaka kila wimbi ulipate peke yake, ukubwa wake na saa yake.

Sasa tazameni hesabu hiyo ilivyosafiri. Mwaka 1977 Michael Foreman wa Kanada alitoa programu yake ya kuchambua maji kwa lugha ya Fortran. Mwaka 2002 Rich Pawlowicz na wenzake wawili, Beardsley na Lentz, waliichukua kazi hiyo wakaiandika upya kwa Matlab, wakaiita T_TIDE. Mwaka 2011 Daniel Codiga akaja na UTide, nayo kwa Matlab, na baadaye wengine wakaihamishia Python. Anayependa R naye hakuachwa, atakuta hesabu hiyo ndani ya kifurushi kinachoitwa oce. Zaidi ya miaka arobaini, mwezi ni ule ule na hesabu kwa kiasi kikubwa ni ile ile. Imebadilisha buibui tu.

Kwa hiyo Bibi Harusi hakuhitaji kuandika uchambuzi wa maji. Kuna kipimo cha usawa wa bahari bandarini Unguja, na vipimo vyake vya kila saa vinahifadhiwa na Chuo Kikuu cha Hawaii, mtu yeyote anaweza kuvichukua bure. Alivichukua, akaita UTide kwa Python, mistari isiyozidi ishirini, jibu likatoka kabla chai haijapoa. Ushauri wetu wa kwanza basi ni huu: kabla ya kuchagua lugha, tafuta kama kazi yako imeshafanywa. Ikiwa imefanywa vizuri kwa lugha fulani, hiyo lugha imeshajichagua.

Kuna siri ndani ya ile mistari ishirini. Python yenyewe, ikiachwa ihesabu namba mojamoja, ni nzito mno. Ni yule mama msimamizi wa shughuli, aliyeshika orodha mkononi: anajua nani alete mchele, nani atandike mikeka, nani apokee wageni. Lakini aliye mbele ya sufuria la biriani siye yeye. Ukiiambia Python itatue milinganyo mia moja kwa pamoja, inaipelekea maktaba ya NumPy, na NumPy inaipeleka kwa LAPACK, maktaba iliyotoka mwaka 1992 na kuandikwa kwa Fortran. Kwa hiyo anayesema "mimi ni wa Python tu, mambo ya zamani siyataki" amekwisha kula chakula cha mpishi asiyemjua. Tunalisema hili bila ya kejeli. Ni raha kubwa kuwa na msimamizi mzuri wa shughuli. Ila siku mpishi akikosekana, lazima ujue jiko liko wapi.

Na siku hiyo ilimfika Bibi Harusi.

Tasnifu yake haikuwa juu ya maji kujaa na kupwa peke yake, ilikuwa juu ya joto. Mwani wa aina ya cottonii ndio wenye bei nzuri, na ndio usiovumilia maji ya moto. Spinosum unastahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Kina mama walikuwa wanaona cottonii unaoza na kufa mashambani, na yeye alitaka kujua ni sehemu zipi ndani ya mwamba, na ni saa zipi, maji yanapata joto kupita kiasi. Aligawa eneo la kilomita 10 kwa 2.5 katika miraba kama ya daftari la hesabu, kila mraba una upande wa mita 25. Inakuwa miraba 40,000. Katika kila mraba kompyuta inatakiwa kujua kina, mkondo na joto, na kusogeza saa mbele kwa sekunde 2. Mkiuliza kwa nini sekunde 2 na si dakika 10, ni kwa sababu wimbi likiweza kuruka mraba mzima katika hatua moja, hesabu inalipuka na namba zinakuwa za ajabu. Mwezi mmoja wa bahari ni hatua 1,296,000. Zidisha kwa miraba: zaidi ya bilioni 51.

Programu yake ya Python ilikuwa safi, ukiisoma unaielewa kama barua. Aliipima kwenye laptopu yake: kila mraba ulichukua kiasi cha milioni sita za sekunde, yaani sekunde moja ukiigawa mara milioni halafu ukachukua vipande sita. Unaona ni kidogo. Zidisha kwa bilioni 51 upate siku tatu na nusu na ushei, kwa mwezi mmoja wa bahari. Yeye alihitaji mwaka mzima, misimu yote, kaskazi na kusi. Siku 43.

Harusi ilikuwa baada ya wiki saba, siku 49. Na baada ya harusi alikuwa anaondoka na mumewe kwenda Muscat. Tarehe ya kukabidhi tasnifu iliangukia wiki ile ile ya hina. Sote tunawajua wenzetu waliosema "nitamalizia nikifika huko", na sote tunajua makabrasha yao yako wapi leo: juu ya kabati la mama. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, soma, lakini harusi haisogezwi." Mchumba alisema kwa simu kwamba yeye angesubiri, ila wazee wa pande mbili walikwisha agiza nyama. Na siku 43 zenyewe ni kwa mtu ambaye umeme haukatiki kwake, hakosei kitu hata kimoja, wala haambiwi na msimamizi "rudia kwa upepo tofauti". Ni nani huyo?

Tulikaa sote watatu sebuleni kwao, yeye akiwa na liwa usoni, tukaangalia njia zilizopo.

Njia ya kwanza ilikuwa kuacha kwenda mraba kwa mraba na kuipa NumPy safu nzima kwa mkupuo mmoja. Hii ndiyo tunayomshauri kila mtu ajaribu mwanzo, maana bado uko ndani ya Python na mara nyingi inakutosha. Tatizo la kwake lilikuwa maji kupwa. Bamvua ikitoka, nusu ya miraba inakauka, mchanga unabaki wazi, vidimbwi vinabaki hapa na pale. Kila mraba lazima ujiulize: mimi nina maji au sina? Jirani yangu je? Maswali ya namna hiyo, kama hivi basi hivi, kama vile basi vile, NumPy inayajibu kwa kufanya hesabu zote mbili kila mahali kisha kutupa isiyohitajika. Programu inakuwa ngumu kusoma, na kasi unayopata ni nusu ya ahadi. Vile vidimbwi ndivyo vilivyokuwa kiini cha utafiti. Maji yanayobaki juani baada ya saa nne ndiyo yanayochemka.

Njia nyingine ilikuwa Numba, chombo kinachochukua vitanzi vya Python na kuvigeuza lugha ya mashine. Kizuri, na kama ingekuwa programu mpya kabisa huenda tungekwenda nacho. Mwenzetu wa sekondari yeye alipendekeza Julia, lugha iliyotangazwa mwaka 2012 na watu waliochoka na jambo hili hili, kuandika wazo kwa lugha moja nyepesi kisha kuliandika tena kwa lugha nyingine yenye kasi. Alikuwa na hoja. Julia inasomeka kama Python na inakwenda kama Fortran, au karibu yake. Lakini tulimuuliza: nani atausoma msimbo huu Bibi Harusi akishakwenda? Msimamizi wake hajui Julia. Darasani kwao hakuna aijuaye. Ukikwama usiku wa manane, unamgongea nani? Sisi tunalichukulia hili kwa uzito kuliko jedwali lolote la kasi. Lugha isiyo na mtu wa karibu wa kumuuliza ni kama dawa nzuri iliyoandikwa maelezo kwa lugha ya mbali.

Msimamizi wake, kwa upande mwingine, alikuwa na kipande cha Fortran cha maji ya kina kifupi, chenye miraba inayokauka na kurudi kulowa, kilichokwisha jaribiwa kwa miaka katika bahari nyingine. Baadhi ya mistari yake imetuzidi umri. Hicho ndicho kilichoamua.

Kijana mmoja wa darasani kwao alicheka. "Fortran? Lugha ya mababu hiyo." Ya mababu kweli, ilitoka IBM mwaka 1957 chini ya John Backus. Lakini na mabibi pia walikuwepo. Katika kundi lile dogo lililoitengeneza alikuwemo Lois Haibt, na kazi yake ilikuwa ile sehemu inayochunguza programu itapita njia gani na mara ngapi. Mwaka ule ule 1957 aliajiriwa pale mwalimu wa hesabu, Frances Allen, aliyekuja kwa nia ya kulipa deni la masomo kisha arudi kufundisha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wanasayansi wa IBM hiyo Fortran, na wengi wao hawakuitaka, wakiamini hakuna mashine itakayoandika msimbo mzuri kama wao. Deni lilikwisha, yeye akabaki miaka 45. Mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, kwa kazi ya kuzifanya kompaila zitoe programu zenye kasi. Kompaila ndicho chombo kinachogeuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashine, na mawazo yake yamo ndani ya zile tunazotumia mpaka leo. Tulimpa yule kijana habari hizi kwa upole. Hakucheka tena, au alicheka tukiwa tumeshaondoka.

Basi ikawa hivi: Python ibaki msimamizi. Isome data, itayarishe upepo na jua, ihifadhi matokeo, ichore ramani. Kile kitanzi kimoja tu, cha miraba na sekunde, kiende kwa Fortran. Wengi hudhani kuchanganya lugha maana yake ni kuandika upya kila kitu. Msimbo wa Bibi Harusi ulikuwa zaidi ya mistari elfu moja. Uliohamia Fortran haukufika mistari mia tatu. Kabla ya kuhamisha chochote, pima programu yako inapotumia wakati. Karibu kila mara utakuta ni pembe moja ndogo ndiyo inayokula siku nzima.

Cha kuziunganisha ni f2py, chombo alichokianzisha Pearu Peterson na ambacho sasa kinakuja ndani ya NumPy yenyewe. Unakipa faili la Fortran, unaandika amri ya mstari mmoja, kinakurudishia kitu ambacho Python inakiita kama chochote kingine. Siku ya kwanza kinaonekana kama mazingaombwe. Siku ya pili unakutana na mipaka, na hapo ndipo tunataka dada zetu wasikilize, maana lugha mbili zikikaa nyumba moja zinagombana mlangoni, si chumbani.

Fortran huhesabu kama sisi tunavyohesabu tasbihi, kuanzia moja. Python inaanzia sifuri. Mraba wa kwanza wa huyu ni wa pili wa yule, na kosa la namna hii halipigi kelele. Ramani inatoka nzuri, imesogea mita 25 tu. Halafu kuna mpangilio wa kumbukumbu. Fortran huzipanga namba za jedwali safu wima kwa safu wima, NumPy kwa kawaida yake safu mlalo kwa safu mlalo. Ukipeleka jedwali lililopangwa kwa kawaida ya NumPy, f2py kwa hisani yake inakunakilia nakala mpya yenye mpangilio unaotakiwa, kila mara unapoita. Hakuna kosa linaloonekana. Ni kasi tu inayovuja, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Dawa yake ni kulitengeneza jedwali kwa mpangilio wa Fortran tangu mwanzo, na kuita Fortran mara chache kwa kazi kubwa, sio mara milioni kwa kazi ndogo. Bibi Harusi aliita mara moja kwa kila siku ya bahari: hatua 43,200 ndani, kisha kurudi Python kuhifadhi. Kwa hivyo hata umeme ukikatika, kilichopotea ni siku moja ya bahari tu. Na mwisho, hakikisha pande zote mbili zinatumia namba za ukubwa mmoja, biti 64. Joto likipunguzwa tarakimu mlangoni kila siku, mwisho wa mwaka utakuwa unasoma bahari nyingine.

Utajuaje kwamba kilichotoka ni kweli? Ile programu nzito ya Python haikutupwa. Aliiacha ihesabu siku moja ya bahari, karibu saa tatu, kisha akaipa Fortran siku ile ile. Ilimaliza kwa sekunde 21. Tukaweka majibu mawili bega kwa bega, tukayalinganisha mraba kwa mraba: yalilingana mpaka tarakimu ya tisa. Msimbo wa polepole unaosomeka ni shahidi. Msiufute.

Mwaka mzima wa bahari aliuwasha baada ya sala ya Adhuhuri, siku ya Jumamosi. Kabla ya adhana ya Alasiri ulikuwa umekwisha. Saa mbili na dakika chache badala ya siku 43. Mama yake, aliyekuwa anapitapita na visahani vya udi, aliuliza, "Sasa mbona mmenyamaza?" Hakuna aliyejua la kusema. Alhamdulillah. Jioni ile aliurudia kwa upepo mwingine. Mpaka wiki ya hina alikuwa ameurudia mara tisa, na mara ya nne ndipo msimamizi alipomwambia abadilishe kina cha upande wa kusini, jambo ambalo kwa zile siku 43 lingekuwa ndio mwisho wa habari.

Kulikuwa na lugha ya tatu. Mwenzetu wa takwimu alikuwa na orodha ya mavuno, familia kwa familia, mwezi kwa mwezi, waliyoikusanya kwa madodoso. Yeye ni mtu wa R, lugha iliyozaliwa Auckland miaka ya 1990 mikononi mwa wanatakwimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na kwa data za namna hii, ambapo mama mmoja ana miezi kumi na mwingine ana miwili, hatujaona inayoipita. Kuna vyombo vya kuita R ndani ya Python. Hatukuvitumia. Python iliandika faili la CSV, R ikalisoma, basi. Matokeo makubwa ya bahari yaliwekwa kwenye faili la NetCDF, ambalo Fortran, Python, R, Matlab na Julia zote zinalifungua. Kwa maoni yetu faili linaloeleweka ndiyo ndoa salama kuliko zote baina ya lugha mbili: kila mmoja kwao, wanakutana mezani. Ziunganishe ndani ya programu moja pale tu zinapolazimika kuzungumza kila dakika.

Ramani ya joto ilipopelekwa kwa kina mama wa pwani, mmoja wao aliweka kidole kwenye sehemu nyekundu kuliko zote. "Hapa? Hapa hata miguu inaungua, binti yangu. Sisi tulishahama." Kisha akaweka kidole pengine, karibu na mlango wa mwamba, mahali ambapo ramani ilionyesha maji yanabaki baridi hata bamvua ikitoka, na akauliza kama ni kweli. Hapo hakuna aliyekuwa amewahi kupigilia kigingi, kwa sababu ni mbali kutembea. Walitia kambanne za cottonii kujaribu.

Kwa dada anayeanza leo, na laptopu yenye kumbukumbu ndogo na bando la kuhesabu: anza na Python, kwa sababu utapata watu wa kuuliza mtaa wa pili. Pakua vifurushi vyote unavyohitaji siku upo chuoni kwenye intaneti ya bure. Kama kazi yako ni madodoso na hospitali na shule, nenda R moja kwa moja wala usione umepungukiwa. Matlab ni nzuri lakini leseni yake ni ya pesa, na siku ukimaliza chuo unaiacha mlangoni. Octave inasoma sehemu kubwa ya msimbo wake na ni bure. C na Fortran usizitafute, zitakutafuta zenyewe siku utakapokutana na bilioni 51 zako. Siku hiyo jifunze kiasi cha kitanzi kimoja.

Bibi Harusi alikabidhi tasnifu Jumatatu. Alhamisi mikono yake ilikuwa na piko mpaka kwenye viwiko, na ndiyo siku pekee katika wiki saba ambayo hakugusa kibodi, kwa sababu hakuweza. Sasa yuko Muscat. Wiki iliyopita msichana mmoja wa Pemba alituandikia, anataka kile kitanzi cha Fortran akiandike kwa Julia, kwa ajili ya maji ya kwao. Tumempelekea faili la ile siku moja ya bahari, miraba yote 40,000, tukamwambia akilinganisha tarakimu zikakubaliana, atutumie.